Raba Mbili za Injini

Gari lilikuwa la baba yangu, stesheni wagon ya Kifaransa yenye mgongo mrefu, rangi ya krimu ambayo siku hizi imekuwa kama chai iliyozidi maziwa. Baba alilitumia kuzungukia wakulima wa tumbaku kule Malakisi, na hadi leo jua likiwaka viti vinatoa harufu ya majani makavu. Mimi nililitumia kuzunguka tu. Nimeishi Busia, nimeishi Lodwar, nimeuza viazi vya Cheptais mpaka nikachoka na viazi. Kila niliporudi Kitale nilikuta gari limelala chini ya paa la mabati, na nikiliwasha tu, miguu inaanza kuniwasha.

Hilo mke wangu alilijua. Ndiyo maana mtu mmoja wa Kitale alipokuja kutaka kulinunua, alipambe liwe la kubebea maharusi, mke wangu alimkaribisha chai.

"Hii gari ndiyo inakutoa nyumbani," aliniambia. "Acha ibebe maharusi."

Kilichoniokoa kwa muda ni nyonga ya mama mkwe. Alikuwa amefanyiwa upasuaji Bungoma na alitakiwa kupelekwa kwa shemeji yangu, nje kidogo ya Kitale, akapone huko. Kwangu hangeweza kulala. Kwetu Wabukusu mama mkwe halali nyumba ya mkwewe, hali naye meza moja, wala hawashikani mikono. Daktari alisema asafiri amelala na asitikiswe. Tuliuliza magari ya kukodi, yote yalikuwa ya kukaa wima. Langu peke yake ndilo ungekunja viti vya nyuma ukatandika godoro, mtu akanyooka.

Mke wangu alifikiri kidogo. "Sawa. Ikimfikisha mama bila kumuumiza, tutaongea. Ikimuumiza, Jumamosi inaenda na yule mtu."

Shida ni kwamba gari lilikuwa linatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Ukiliwasha, mkono wa gia unacheza wenyewe. Ukiachia klachi, unasikia *ngo* kutoka mbele. Nilijua ni maunting, zile raba mbili zinazobeba injini, moja kila upande, ili mtikisiko wake usifike kwenye bodi. Zilikuwa zimepasuka na injini ilikuwa imelalia upande mmoja, feni karibu iguse radieta.

Niliteremka nalo Bungoma polepole siku moja kabla mama hajaruhusiwa kutoka. Fundi wangu ana gereji nyuma ya msikiti, rika langu, mtu wa maneno mengi na kanzu iliyotundikwa kwenye msumari ikimsubiri sala ya Ijumaa. Alifungua boneti akacheka.

"Ati unataka kubebea mgonjwa hii? Si wewe utafanya apate ugonjwa mwingine, bana."

"Tengeneza, wacha mdomo."

"Mdomo ni bure. Mgonjwa ni nani?"

"Mama mkwe."

Akafuta mikono. "Basi hii si kazi ya mchezo. Ukimwangusha huyo, utahama county."

Maduka yote ya spea pale mjini hayakuwa na raba za gari la umri huo. Fundi alifanya kama wanavyofanya mafundi wetu: aliweka ubao chini ya injini, akaisukuma juu kwa jeki, akatoa zile za zamani, akakwangua raba iliyokufa na kubakiza vyuma. Kisha akakata raba mpya kutoka ubavu wa tairi la lori, akaipima, akaikata tena, akaibana katikati ya vyuma kwa bolti. Nilipenda kumtazama. Baba yangu naye alikuwa akikaa hivi hivi kwenye kigoda gereji, kofia kwenye goti.

Asubuhi yake, alipokuwa anazirudisha, mke wangu alipiga simu mara mbili kutoka hospitali. Mama ameshavaa. Mama anangoja kwenye kiti cha magurudumu. Nikamharakisha fundi, naye akakaza nati huku injini bado inaning'inia juu ya jeki, kisha akaishusha. Nilizunguka stendi mara moja. Ile *ngo* ilikuwa imeisha. Niliona tumemaliza.

Hospitali nilisimama nyuma ya tangi la maji, nimewapa mgongo, wakati wahudumu wakimlaza mama kwenye godoro, fimbo yake ya kutembelea ubavuni. Mke wangu alikaa naye nyuma. Mimi mbele peke yangu, kile kioo cha ndani nimekigeuza kitazame paa. Huo ndio mpango wetu kila ninapombeba. Mama haongei nami. Anaongea na bintiye, na mimi ananiita dereva, kwa sababu dereva si mkwe.

"Mayi," alimwambia mke wangu, kama mama wa kwetu wanavyowaita mabinti zao, "mwambie dereva shimo hilo ameliruka vizuri."

"Dereva, umesikia," mke wangu akasema.

Tulipita Chwele, tukasimama kwenye foleni fupi pale Kimilili, tukapita, mahindi yamefika mabegani pande zote, na gari lilikuwa linateleza hata nikaanza kupanga safari za mwezi ujao. Mbele ya Kamukuywa barabara ilikuwa inatengenezwa. Malori yalipangwa foleni, upande mmoja unapita, mwingine unangoja. Nikasimama, nikaacha injini ikinguruma. Nyuma kulikuwa kimya. Nilidhani wamelala.

Kisha nikasikia fimbo ya mama ikigonga ubavu wa gari.

"Zima," mke wangu alisema. "Zima haraka. Ameniuma mkono."

Nilizima. Mke wangu alieleza taratibu, na sauti yake ilinitisha kuliko kelele. Gari likienda, hakuna neno. Likisimama likiwa limewashwa, sakafu yote inavuma kama mashine ya posho ikisaga mahindi na mtikisiko unaingia moja kwa moja kwenye nyonga. Mama amevumilia tangu foleni ya kwanza pale Kimilili. Hakutaka kumsumbua dereva.

"Na mbele kuna foleni ngapi?" mke wangu aliuliza. Sikujua. "Basi tutafute pickup, hata kama atakaa wima."

"Nipe dakika chache."

"Nakupa. Lakini Jumamosi ni kesho kutwa."

Nilimpigia fundi. Hakuwa na haraka hata kidogo.

"Kwani si ni wewe ulinitoa mbio? Tulikaza injini ikiwa hewani, sasa raba zimejipinda, haziwezi kufanya kazi. Na hiyo tairi ni ngumu, haisamehei. Legeza nati zote mbili, washa, uache injini ijikalie yenyewe. Ikitulia, kaza. Na salimia mama."

"Siwezi kumsalimia."

"Najua, bana. Ndiyo raha yake."

Nikatoa gari kando, nikaweka mawe kwenye magurudumu, nikaingia chini na spana. Mke wangu alihamia mbele kugeuza ufunguo. Nilizilegeza nati, yeye akawasha, na nikaona injini inajikohoza, inahama kidogo, inatafuta mahali pake. Lakini pale chini kila kitu kinatetemeka, mikono yangu pia. Nitajuaje kwamba imetulia? Aliyejua ni mmoja tu, yule aliyelala sakafuni.

"Muulize mama," nilipaza sauti.

"Mama, ikoje?"

"Mwambie bado."

"Bado!"

Nikaisukuma injini kidogo kwa mpini wa jeki.

"Mwambie imepungua. Huku kushoto bado."

"Kushoto bado!"

Nikasukuma tena. Lori likapita likipiga honi na mke wangu hakusikia kilichosemwa, akabaki kuuliza nini, nini. Ndipo sauti ya mama ikashuka kupitia bati, iko juu ya kichwa changu kabisa.

"Hapo. Kaza hapo hapo."

"Ndiyo, mama," nikajibu.

Nikakaza. Miaka yote ya ndoa yangu, mimi na mama hatukuwahi kubadilishana neno. Yeye alikuwa hanioni na mimi simwoni, labda hilo lilitusaidia. Nilipotoka chini, vumbi hadi masikioni, mke wangu alikuwa anatazama mahindi, midomo ameibana ili asicheke.

Tulisimama tena kabla ya Kiminini, injini ikiwaka. Nilisubiri fimbo. Nikasikia mkoromo.

Kwa shemeji nilikaa nje karibu na zizi mpaka wakamwingiza ndani. Mke wangu alirudi kwenye gari akashika godoro upande mmoja, nikashika upande wa pili kulitoa.

"Mama anauliza kliniki ni lini," alisema.

"Baada ya wiki mbili, si ndiyo?"

"Halafu kuna nyingine, na nyingine." Alisimama na godoro lake mkononi, akalitazama gari kama mtu anayetazama ng'ombe wa jirani. "Anasema mwambie dereva asimpe mtu hii gari."

Akalisukuma godoro likarudi ndani ya gari.