Mto Uliobaki kwenye Stempu

Juzi mjukuu wangu alinifungulia daftari lake la stempu, rafiki yangu, na lile poromoko likanitazama tena. Kingo nyekundu, katikati picha nyeusi ya mto mpana ukimwagika juu ya miamba. "Ya Kongo hiyo, bibi," akanifundisha. Nikacheka huku machozi yananilenga. Mimi wa kufundishwa stempu hiyo!

Enzi za Mjerumani nilikaa na bibi mzaa mama juu milimani, Uluguru, ambako hata ukitwanga unasikia maji ya mto. Asubuhi tulikula magimbi ya kuchemsha, kisha yeye akashika jembe, mimi nikaenda chuo cha Kurani kusoma alif na be. Mwanawe wa pekee wa kiume, mjomba wangu, aliondoka na msafara wa wapagazi kwenda bara na miaka ikapita kimya. Bibi hakukubali aitwe marehemu, na ole wake aliyethubutu.

Siku moja jirani aliyeshusha ndizi mjini alirudi na barua. Mhindi mwenye duka, aliyewapokelea watu wa milimani barua zao, alikuwa amelisoma jina la mjomba nyuma ya bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi moja, imejaa herufi za Kiarabu kwa wino wa masizi. Wa kuisoma alikuwa mwalimu wetu wa chuo, naye alikuwa amekwenda mazikoni Mlali, arudi keshokutwa.

Sasa sikiliza. Bibi alisumbuliwa na magoti, na mwalimu alikuwa akimtibu kwa kombe: akiandika aya za Kurani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji, bibi akayanywa. Basi akaigeuza ile karatasi, uso wote umechanua.

"Mke mwenzangu," akaniita kwa utani wake, "mjomba wako hajayasahau magoti yangu. Kanitumia kombe. Lete maji."

Nilileta, nikamimina mwenyewe juu ya karatasi bakulini. Neno la kwanza nililiona kabla halijayeyuka, na nililijua. Halikuwa la kombe. Lakini mtoto wa siku zile amkosoe bibi yake? Nikaendelea kumimina. Maji yakawa meusi, naye akapiga bismillahi na kunywa mpaka tone la mwisho. Mimi nikaificha bahasha kwa ajili ya picha ya stempu.

Mwalimu aliporudi akashika kichwa. "Mama, ile ilikuwa barua. Ya kusomwa!"

Bibi alikaa chini taratibu. "Basi sitajua yuko wapi," akasema.

Nikaitoa bahasha kwa aibu. Mwalimu, aliyewahi kuona barua za wafanyabiashara wa Ujiji, akaitambua stempu: Kongo. Bibi akaisogeza karibu na macho, akautazama ule mto muda mrefu. "Maji mengi," akasema. "Anapata pa kuoga. Mwanangu mzima."

Kesho yake mwalimu aliandika jibu, na bibi akateremka mlima hadi mjini kwa magoti yale yale, hataki kubebwa. Karani wa posta akauliza: Kongo mji gani? Muhuri kwenye bahasha ulikuwa umefifia, na mji ulikuwa kwenye karatasi iliyooshwa. Tukarudi na jibu letu mkononi, na njia nzima bibi hakunilaumu hata kwa jicho. Sijaona tena mtu mwenye moyo ule.

Kwenye mwinuko wa mwisho nikashindwa kuvumilia. "Bibi, neno moja nililisoma."

Akasimama. "Lipi?"

"Mama."

Akafumba macho, akaweka kiganja kifuani. "Basi lile limefika," akasema, akaendelea kupanda.

Vita vikaja, Mjerumani akaondoka, na barua nyingine haikuja kamwe. Bibi aliibandika stempu kwa uji wa muhogo kwenye mwimo wa mlango, na mvua zikaila pamoja na nyumba. Chuo hakipo, mwalimu hayupo. Mjukuu akaniuliza kwa nini nalia kwa sababu ya picha ya maji. Nikamwambia alete karatasi na kalamu, nimwonyeshe neno moja linavyoandikwa.