Machela ya Kijani na Kikohozi cha Mkwe

Mama mkwe wangu alipokuja kutoka Kakuyuni kukaa nasi wiki mbili, nilimwachia kitanda changu kwa moyo mkunjufu. Nilikuwa na mpango. Nyumba yetu pale Malindi ni chumba na sebule, na mimi ni mwoka mikate: natoka kazini saa tatu asubuhi, nalala mchana. Sasa kulala mchana ndani ya nyumba aliyomo mkweo ni jambo lisilofanyika, hata uwe umechoka vipi. Kwa hiyo nilipita mitumbani nikanunua machela, ile bembea ya kulalia wanayobeba watalii wakienda kupiga kambi, ya nailoni ya kijani. Nikaifunga uani baina ya mkorosho na mwarobaini.

"Utalala humo?" mke wangu akaniuliza.

"Tena vizuri kuliko kitandani," nikamjibu, ilhali sijaipanda hata mara moja.

Niliikaza kama kamba ya kuanikia nguo. Nikajinyoosha humo, kichwa upande wa mkorosho, miguu upande wa mwarobaini, nayo ikanikunja mpaka magoti yakakaribia kidevu. Sikupata usingizi hata kidogo. Nilipoingia kazini nilisinzia mbele ya tanuri, na mikate ikatoka myeusi tititi. Mwajiri aliitazama, akanitazama na mimi. "Ukiunguza tena," akasema, "kalale kwako moja kwa moja." Niliogopa kwelikweli, maana kazi nyingine sina.

Halafu kulikuwa na suala la adabu. Mkweo hatakiwi kukukuta umelala. Akikaribia hukohoa, nawe unainuka, unainamisha macho, unatoa shikamoo. Kitandani ni rahisi. Kwenye machela mtu hainuki, anapinduka. Siku ya tatu mama alikohoa penye kona ya nyumba, nikatupa mguu mmoja nje, na kufumba na kufumbua niko kifudifudi chini, pua yangu imo ndani ya kikapu chake cha mchicha.

"Marahaba, mwanangu," akasema kabla sijamwamkia, akajifunika uso kwa leso. Mabega yalikuwa yakimtikisika.

Nikaona basi, hii machela ama zangu ama zake. Nililegeza kamba ikaning'inia kama mdomo wa mtu aliyenuna, kisha nikalala mshazari, kichwa pembe hii, miguu pembe ile. Ajabu! Mgongo ukanyooka. Nikasinzia kidogo, mpaka maji moto, wale chungu wekundu wa mkorosho, walipoteremka kwenye kamba mmoja mmoja na kunitembelea shingoni. Nikafunga vitambaa vya mafuta ya taa kwenye kamba zote mbili. Ikabaki baridi. Usicheke, upepo wa kusi ukipita chini ya nailoni, mgongo unaganda hata jua likiwaka. Kuweka blanketi ndani hakukusaidia, nililigandamiza tu likawa chapati. Nikashona magunia matupu ya unga, nikayajaza sufi, nikayatundika kwa nje, chini ya machela. Gunia dogo nikaliweka chini ya magoti. Siku hiyo nililala mpaka nikatokwa na udenda, na usiku ule mikate ilitoka rangi ya asali.

Tatizo ni kwamba kila nilipoongeza raha, niliongeza kina. Kutoka mle sasa kulinichukua muda wa kuchemsha chai. Nikamsihi mke wangu amwombe mama aanze kukohoa mapema, tangu kule bombani tunakoteka maji. Mama akakubali. Kila alasiri akawa anatoka bombani, ndoo kichwani, akikohoa njia nzima.

Jirani wa kwanza alileta tangawizi na asali. Wa pili alileta mwarobaini uliochemshwa, mchungu wa kukunja uso. Wa tatu, Mungu ambariki, alitaka kumpeleka hospitali. Na mama wa watu angesema nini? Kwamba anakohoa ili mkwewe apate muda wa kujitoa kwenye gunia la sufi? Alikunywa vyote akashukuru. Mimi nilisikiliza nikiwa nusu ndani nusu nje, nikiona haya mpaka kwenye nyayo.

Juma lile lile nilichelewa kurudi. Uani, machela ilikuwa imejaa. Mama mkwe ameilalia mshazari, sawasawa kama inavyotakiwa, leso usoni, gunia dogo chini ya magoti. Nikageuza macho haraka, nikarudi hadi mlangoni kwa nje, nikakohoa. Nikakohoa tena, kwa nguvu. Kutoka kwenye machela kikanijibu kikohozi kifupi, cha mtu asiye na nia yoyote ya kuamka.

"Mama anasema kitanda chako hicho, ukalale," mke wangu akaniambia. "Yeye amepata chake."

Nikalala kitandani, kwa kuwa ndani hakuwemo, na mikate haikuungua tena. Lakini niliionea wivu machela yangu kila nikiisikia ikilia nje. Wiki mbili zilipokwisha aliikunja pamoja na magunia yake, akaitia kapuni bila kuniuliza. Nilisimama macho chini. Hakunisemesha mimi, alimsemesha mwanawe, kwa sauti ya kunifikia.

"Mwambie mumeo, siku akija kwangu Kakuyuni, aanze kukohoa tangu barabarani."