Bi Hasnija, Mdhamini wa Zijo

Katika mtaa wetu wa soko, pale Tešanj, Bosnia, chini ya ngome, kuna ukuta mmoja uliosikia matusi mengi kuliko uwanja wa mpira. Upande wa kulia ni duka la Bi Hasnija, mshona mifarishi ya sufu. Upande wa kushoto ni mkahawa wa Zijo, mchoma chevapi, vile vijiti vifupi vya nyama ya kusaga vinavyoliwa na mkate na kitunguu. Mimi Rasim ni fundi saa, nimekaa ng'ambo ya njia nikitazamana nao, na kwa kuwa saa hazina kelele, nimewasikiliza miaka mingi bila kulipa kiingilio.

Walichokuwa wakigombania ni moshi. Sufu hunywa harufu upesi, na nyama ya Zijo huanza kuchomwa kabla mji haujaamka vizuri. Mfarishi wa satini umeshonwa kwa mkono wiki nzima, mama wa bibi harusi anaufungua nyumbani, unanukia kitunguu.

"Zijo," nilimsikia Bi Hasnija asubuhi moja, "yule bwana harusi wa kule Jelah amenipigia simu. Anasema usiku wa kwanza ameamka ana njaa."

"Mwambie hiyo ni zawadi yangu, mama. Sikutaka malipo."

"Malipo yako utayapata kwa Mungu, na bomba lako la moshi litatoa ushahidi."

Hivyo ndivyo walivyoamkiana. Bi Hasnija ni mwanamke mfupi, mkono wa kulia subana haimtoki kidoleni hata akinywa kahawa, na akitaka umsikilize anaigongesha mezani. Kazi alifundishwa na mama mkwe wake, ambaye husemekana hakuwahi kumsifu hata siku moja. Mumewe, Avdo, alishafariki, akamwachia duka, chumba cha juu yake na pensheni ya mjane. Watoto ni wawili: wa kiume yuko Linz, Austria, wa kike yuko Ljubljana, Slovenia. Kwetu hilo halihitaji maelezo. Uliza nyumba yoyote watoto wako wapi, utasomewa ramani.

Kisha ikaja ile Machi ya korona, ya kufungiwa ndani. Maduka yakafungwa, harusi zikaahirishwa, na serikali ikatangaza kwamba waliozidi miaka sitini na tano wasikanyage nje kabisa. Bi Hasnija alikuwa ameshazidi. Mimi nilikuwa bado kidogo, kwa hiyo serikali iliniona kijana, nami sikuficha furaha yangu. Nilikuwa napita chini ya dirisha lake nimenyoosha mgongo, naye ananiambia kutoka juu, "Tembea taratibu, kijana, utavunjika nyonga."

Lakini mzaha ulikuwa wa mdomoni tu. Alikuwa amenunua sufu na satini ya harusi za majira yote ya kiangazi, na sasa hapakuwa na harusi hata moja. Marobota yalijaa dukani mpaka dirishani, na yeye amekaa juu yake bila mteja. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisema neno la kufunga duka, na alilisema polepole, kama mtu anayejaribu kiatu asichokipenda.

Ndipo ukatangazwa mkopo wa nafuu kwa wafanyabiashara wadogo. Riba ndogo, na miezi sita ya mwanzo hulipi kitu. Sharti lilikuwa moja: uwe na mdhamini mwenye kipato cha uhakika, na huyo mdhamini asiwe naye amechukua mkopo huohuo.

Hapa niseme neno kuhusu watu wetu na udhamini. Huu ni ugonjwa. Mbosnia anaweza kukunyima njia, kura na hata binti yake, lakini ukikaa kwake, ukanywa kahawa yake, kisha ukamwomba akudhamini benki, ulimi wake unakwama na mkono wake unatafuta kalamu. Anaona haya kukataa. Shemeji yangu alinunua trekta, mimi nikalilipia miaka minne, na sijawahi hata kulipanda.

Pamoja na hayo nilimwambia Bi Hasnija kwamba yeye nitamdhamini. Saa mbovu hazisubiri harusi, mimi nilikuwa napata riziki yangu. Akajaza karatasi zake, zikawa tayari juu ya meza yake, zinasubiri mimi nizipeleke benki Jumatatu.

Jumapili mchana Zijo alikuja akasimama njiani chini ya dirisha la Bi Hasnija, barakoa imeshuka kidevuni, kofia mkononi. Nilijua mara moja. Mtu wetu akivua kofia mchana kweupe, ama kuna maiti ama anatafuta mdhamini.

"Mama Hasnija," alisema, "umeamkaje?"

"Leo unaniuliza nimeamkaje? Sema shida yako, jirani, kabla sijaogopa."

Akasema. Kaka yake alikuwa amekataa. Mchinjaji anayemuuzia nyama alikuwa amekataa. Alikuwa na wafanyakazi sita na tanuri limepoa. Asipopata mkopo wiki ile, anarudisha funguo kwa mwenye nyumba, anakwenda Slovenia kwa binamu yake kupiga plasta.

"Nisingekuja kwako," alisema, "baada ya yote tuliyosemezana."

"Tuliyosemezana hayajaisha. Subiri hapo."

Akateremsha kapu lake la mkate kwa kamba. Zijo akaweka karatasi, kapu likapanda. Mimi nilikuwa mlangoni kwangu, koleo mkononi, nikaona anavyoweka sahihi juu ya kizingiti cha dirisha, bila hata kuivua subana. Kisha kapu likashuka. Zijo alishika karatasi kwa mikono miwili akaondoka haraka, nadhani hakutaka tumwone uso.

Nilivuka njia nimekasirika kwelikweli.

"Umefanya nini wewe mwanamke? Unajua kwamba sasa wako hupati?"

"Najua kusoma, Rasim."

"Umemfadhili mtu anayekufukiza moshi, na duka lako je? Utaligawa sadaka?"

"Fikiri kidogo, ukimaliza kupiga kelele. Nani anapanda mtaa huu kununua mfarishi? Hakuna. Watu wanapanda kula. Wakishashiba ndio wanazubaa, wanaangalia madirisha, wanakumbuka kuna binti wa kuoza. Zijo akifunga, huo mkopo wangu ni wa kununulia sanda."

Nusu ya saa ninazotengeneza zinaletwa na watu wenye mafuta midomoni. Mimi nimekaa mtaa ule maisha yangu yote na sikuwahi kuliona hilo. Yeye aliliona, akalisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akaniuliza kama nina uzi mweupe.

Sasa ilibidi ajiokoe mwenyewe bila mkopo, na hafichi kwamba aliogopa. Alianza kupigia simu wateja wake wa zamani. Mfarishi wa sufu ukizeeka hugandamana, unakuwa mzito na baridi. Lazima ufumuliwe, sufu ioshwe, ichambuliwe upya, ishonwe tena. Watu walikuwa wamefungiwa ndani, wamepangua makabati yote, kila nyumba ilikuwa na mfarishi wa bibi uliokufa. Zijo, aliyekuwa ameanza kupeleka chakula majumbani kwa gari lake, akawa anapeleka chevapi na kurudi na mifarishi. Alikuwa anaipandisha ngazini kichwani, anaiacha mlangoni, anarudi nyuma ndipo anagonga.

"Huu wa Bi Zumra," anapiga kelele. "Anasema umshonee kama ule wa mwanzo."

"Ule wa mwanzo aliulalamikia miaka thelathini."

"Basi ndiyo ameuzoea."

Alishona mpaka vidole vikavimba. Ujira wa kufumua ni mdogo kuliko wa mfarishi mpya, lakini ulimfikisha kiangazi, na kiangazi wazee wakaruhusiwa kutoka. Siku ya kwanza alishuka, akatembea mtaa mzima hadi mwisho na kurudi, akaingia dukani akaanza kazi. Nilimpenda sana siku ile. Nalisema tu, na mke wangu analijua.

Miezi sita ya nafuu ikaisha vuli, wakati maradhi yamerudi na amri zimerudi nayo. Zijo akashindwa kulipa. Akapeleka kidogo, kisha hakupeleka kitu. Alitembea mtaani amejikunja, akisubiri barua ya benki. Barua haikuja. Mwezi ukapita, na mwingine, na Zijo akaanza kunyanyua kichwa.

"Benki ile ina utu, Rasim," aliniambia. "Wameniacha nipumue. Hata hawajapiga simu."

"Mungu awazidishie," akasema Bi Hasnija, ambaye alikuwa amesimama hapohapo na kahawa yake.

Mimi nilikuwa nimeshajua. Pensheni kwetu huletwa na tarishi mpaka mlangoni, na siku ile Kemal tarishi alipoileta nilikuwa dukani kwa Bi Hasnija nikirekebisha saa yake ya ukutani. Kemal aliweka noti mezani akaangalia viatu vyake. Zilikuwa nusu. Bi Hasnija akatia sahihi, akampa peremende kama kila mwezi, akamsindikiza.

"Benki?" nikauliza.

"Mdhamini ni nani? Mimi. Basi."

"Zijo anajua?"

Akagongesha subana mezani. "Zijo akijua, kesho anafunga. Ni mpumbavu mwenye haya, namjua. Na akifunga, hii nusu yangu itakuwa imekwenda bure. Ukifungua mdomo, Rasim, sitakuamkia mpaka nife."

Nilinyamaza majira yote ya baridi, na kunyamaza si kazi yangu. Aliacha kuwasha jiko la chumba cha juu, akahamishia kitanda dukani kati ya marobota ya sufu. Aliwaambia watu kwamba anasikia wezi usiku. Mwanawe wa Linz alikuwa amesimamishwa kazi hotelini, na binti yake alikuwa amejifungua, kwa hiyo hakuwaambia chochote. Nilimletea kuni. Akapokea nusu, nusu akanirudishia, akisema nimehesabu vibaya. Kila asubuhi moto wa Zijo ukiwaka upande wa pili, alikuwa akisogeza kiti chake kwenye ukuta ule ule wa matusi, kwa sababu ulikuwa unapata joto, na hapo ndipo alipokaa akashona.

Kiangazi kilichofuata mipaka ilifunguliwa. Magari yenye namba za Austria na Ujerumani yakajaa mpaka darajani, harusi mbili mbili kwa siku, watu wanakula kama waliotoka jela. Zijo akaanza kulipa benki tena. Akiba ikarudi, mdomo ukarudi, na Ijumaa moja akafanya jambo ambalo Zijo tu angelifanya: alichoma sinia zima la chevapi, akaweka mikate na kitunguu, akavaa shati safi, akaenda benki kuwashukuru kwa kumvumilia.

Yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe. Msichana wa dirishani aliangalia sinia, akaangalia kompyuta, akamwambia kwa upole, "Sisi hatukukuvumilia, bwana. Tulikata pensheni ya mdhamini. Mpaka Mei."

Nilimwona akirudi. Alipanda mtaa na sinia mikononi, hakuna kipande kilichopungua, akampita kila mtu bila salamu. Aliingia moja kwa moja kwa Bi Hasnija. Niliweka chini saa niliyokuwa nayo, nikavuka njia, nikasimama mlangoni, na yeyote atakayeniita mbea ana haki.

"Kwa nini hukuniambia?" Zijo aliuliza, sinia bado mikononi.

"Nikuambie nini?"

"Mama, usinichezee. Majira yote ya baridi nimekaa nasifia benki mbele yako. Umelala humu dukani. Unaona aibu yangu? Kwa nini hukusema?"

"Ungefanyaje ningesema?"

"Ningefunga siku ileile."

"Ndiyo sababu."

Zijo aliweka sinia juu ya satini, kosa ambalo siku nyingine lingemgharimu maisha, na Bi Hasnija hakulitazama.

"Nitalipa yote," alisema. "Kila senti. Nitamweleza kila mtu sokoni jinsi ulivyofanya."

"Ulipe, ndiyo. Mimi si walii, nataka changu. Lakini sokoni ufunge mdomo. Ukimwambia mmoja tu, kesho nina thelathini hapa dirishani wamevua kofia."

Zijo akacheka, kisha kicheko kikageuka, akakaa kwenye robota akalia waziwazi, mtu mzima mwenye shati safi. Bi Hasnija alimwacha alie. Aliendelea kuvuta uzi, ingawa niliona sindano inapita hewani haishoni kitu.

"Ungeniambia tu," Zijo akasema tena alipopata pumzi. "Ningekwenda Slovenia mwaka mmoja, miwili, nikapiga plasta. Ningerudi na pesa yako yote, ningekuwekea mezani hapa."

"Najua ungefanya hivyo," alisema Bi Hasnija. "Wanangu wawili walisema hivyohivyo, wamekaa hapo ulipokaa. Kwamba wanakwenda mwaka mmoja, miwili, watarudi na pesa." Alivua subana, akaiweka mezani. "Pesa zimekuja, Zijo."