Nyuki Wadogo Si Majana

Pelagia Shigela wa Cheyo ni mbishi, na hapo hakuna wa kumpinga. Alifundisha ufugaji nyuki miaka ishirini na sita, akastaafu, na badala ya kukaa akajitwisha kazi ya kuandaa msamiati wa chama cha wafugaji. Msidhani ni orodha ya maneno tu. Ulikuwa mti wa maana za maneno ndani ya kompyuta, na kila neno lilisailiwa mlangoni: wewe ni aina ya nini, sehemu ya nini, au hatua ya nini? Bawa ni sehemu ya nyuki. Jana, yaani mtoto wa nyuki akiwa bado funza, ni hatua ya ukuaji. Maelezo yakipingana, programu iliweka alama nyekundu. Ghala la chama lilipokea asali kwa kufuata mti huo huo.

Asubuhi moja akaja Lugembe, mfugaji wa Ulyankulu, kanuna.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Kulikoni?”

“Ghala wamekataa madumu yangu yote mawili. Wanasema nimekamua majana pamoja na asali, na jina langu litafutwa chamani Ijumaa. Mimi niliandika asali ya nyuki wadogo, basi.”

Pelagia akafungua kompyuta, akalitafuta jina hilo. Nyuki wadogo, wale wasio na mwiba ambao Tabora nzima inawajua, walikuwa wamepangwa kwenye hatua za ukuaji, ubavuni mwa majana. Aliyewapanga ni yeye. Aliona “wadogo” akawaza watoto. Tena programu ilimwonya kwa wekundu: hatua ya ukuaji haiwezi kuwa na malkia wake. Akaizima ile alama, akisema mashine haijui Kiswahili. Aibu ilimpata hadi masikio yakawaka moto.

Kornel, katibu wa chama, alipoitwa alikuja na dawa nyepesi. “Tubadilishe jina, tuwaite nyuki wasiouma. Hakuna atakayejua.”

Lugembe akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike. “Wasiouma? Hawadungi, sawa. Ila wakikuingia kwenye nywele wanang'ata mpaka unacheza ngoma peke yako.”

“Umesikia?” Pelagia akamwambia Kornel. “Jina halina kosa. Kosa ni mahali nilipoliweka, na nitaliondoa leo hii.”

Akawahamishia nyuki wadogo kwenye aina za nyuki, pamoja na malkia wao, akawapa na majana yao. Akaiwasha tena ile alama, na wekundu haukutokea. Pakabaki nafasi moja ya kujaza, sababu ya badiliko, ambayo wanachama wote wangeisoma.

“Andika maboresho,” Kornel akashauri. “Mama, heshima yako.”

“Heshima ya Lugembe je?” Akaandika: Nilikosea mimi, Pelagia Shigela. Lugembe alikuwa sahihi.

Kisha akampigia simu mpokeaji wa ghala, akaweka sauti kubwa ili Lugembe asikie.

“Lakini mama,” mpokeaji akang'ang'ania, “fomu ya mzee huyu inasema nyuki wadogo.”

“Wadogo kwa umbo, baba. Ni watu wazima hao, wana malkia na wana watoto wao. Fungua mti wako sasa hivi, usome na sababu.”

Walimsikia mpokeaji akisoma kwa sauti ya chini, jina la Pelagia, kisha la Lugembe.

“Mwambie alete madumu yake,” akasema.