Moto wa Bibi Katika Nyumba ya Bati

Mwezi uliopita nilipita Kibeta kumjulia hali rafiki yangu mgonjwa, na kabla sijafika kwake pua yangu ilinisimamisha njiani. Ilikuwa harufu ya nyasi za kuezekea, zilizokatwa juzi na kuanikwa juani, harufu kavu yenye utamu kidogo, kama ya majani ya chai yaliyosahauliwa kwenye kopo. Nikachungulia uani. Kijana mmoja alikuwa akijenga msonge wa kupumzishia wageni wake, akaniambia kwa fahari kwamba watu watakuja kupiga picha. Nikampongeza. Sikumwambia kwamba nilizaliwa ndani ya nyumba ya namna ile, pale Izigo, siku za Mwingereza, wala kwamba nyumba kama ile iliwahi kuwafanya babu na baba yangu wasisemezane msimu mzima wa mvua. Ninyi nitawaambia.

Babu yangu, Ta Kagaruki, alikuwa fundi wa misonge. Wengi hudhani nyumba ile hujengwa kama nyingine, kutoka chini kwenda juu. Babu alianza na utosi. Aliketi chini, akasuka kwa fito na kamba pete ya kileleni, ndogo kama ungo, akaongeza pete nyingine kubwa zaidi, kisha nyingine, na kila alipoongeza, wanaume walilinyanyua paa kidogo juu ya nguzo, mpaka nyumba nzima ikasimama. "Nyumba huzaliwa kama mtoto," alipenda kusema, "kichwa kwanza." Wanawake waliosikia walicheka pembeni, maana alilisema kama mtu aliyewahi kuzaa.

Ndani ya msonge wetu kulikuwa na giza la baridi, nyasi laini zimetandikwa sakafuni, moshi ukipanda taratibu na kupotea kwenye paa, na ng'ombe wawili wakipumua upande wao. Mvua ikinyesha hukuisikia. Ulijua kwa harufu tu. Nilikuwa na miaka tisa, na niliamini hakuna mtu duniani aliyekuwa na akili kuliko babu yangu, ambaye hakujua kusoma hata herufi moja na hakuwahi kutumia futi, na bado nyumba zake zilikuwa duara kamili.

Baba yangu, Zakaria, alikuwa seremala. Ufundi aliupata misheni, akafanya kazi Bukoba mjini miaka kadhaa, akarudi nyumbani na sanduku la zana ambalo sisi watoto hatukuruhusiwa hata kulivuka kwa mguu. Kahawa ilipoanza kuleta chochote cha maana, akatangaza kwamba angejenga nyumba ya pembe nne, ya matofali, yenye paa la bati.

Siku mabati yalipofika, lori liliyashusha barabarani na wanaume wakayabeba vichwani kupitia migombani. Yalikuwa yakiyumba na kutoa sauti ya radi ndogo, na jua lilipoyapiga, majani ya migomba yaling'aa kwa chini, jambo ambalo sijaliona tena. Kuku walikimbia. Wanawake waliacha majembe. Kila mtu alikuwa na maoni. Mmoja alisema bati huita radi. Mwingine akasema ndani yake mtaiva kama ndizi za kufukia shimoni. Jirani yetu mmoja Mkatoliki, aliyewahi kwenda vitani ng'ambo, akasema ameona mji mzima wa bati na watu wake walikuwa wakifa kwa mambo mengine kabisa.

Babu aliyatazama mabati yote mpaka la mwisho, akageuka. "Sitalala chini ya debe," akasema.

Ungedhani ni neno la hasira litakalopoa. Halikupoa. Baba alijenga, akaezeka, akaweka milango na madirisha aliyoyaranda mwenyewe, mbao zikinukia. Nyumba ikasimama hatua thelathini kutoka kwenye msonge, nyeupe na tupu. Kwa desturi ya kwetu, mwana hakuhamia nyumba mpya kabla baba yake hajaingia na kuwasha moto wa kwanza. Baba, pamoja na misheni yake na zana zake zote, asingethubutu kulivunja hilo. Basi nyumba ikabaki hivyo, na popo mmoja akahamia bila kuomba ruhusa ya mtu.

Wawili hao wakaacha kusemezana. Wakawa wananituma mimi, hata wakiwa wamesimama hatua kumi tu kati yao.

"Koku, mwambie baba yako mimi si mafuta ya taa. Siwezi kuhifadhiwa ndani ya bati."

Nikaenda. "Tata, babu anasema bado anafikiri."

"Mwambie babu yako, nyasi anazozitaka hakuna kijana wa kuzikata tena. Wote wanataka shule au wanataka mjini. Akifa yeye, nani atarekebisha paa lake?"

Nikarudi. "Babu, Tata anakusalimu."

"Salamu hiyo ni ndefu," babu akasema, macho yakiwa kwenye kamba aliyokuwa akiisokota.

Nilijiona mtu mkubwa. Niliamini kwamba bila ulimi wangu mtamu nyumba yetu ingevunjika. Na sikuweza kuchagua upande, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa akisema kweli, nami niliwapenda wote wawili kwa kazi ya mikono yao.

Kuna mtu wa tatu ambaye sikumfikiria hata kidogo katika mambo hayo, ingawa nilikuwa naye kila asubuhi. Huyo ni bibi, Ma Nyamwiza. Mimi na yeye tulikuwa watu wa maji. Kutoka kwetu hadi chemchemi ni kushuka tu, na kurudi ni kupanda tu. Kwa hiyo tuliteremka na mitungi mitupu na kupanda na mitungi iliyojaa, mpango ambao bibi alisema Mungu angeweza kuufikiria upya. Alikuwa mwembamba, shingo yake imenyooka kama nguzo, na alitembea na mtungi kichwani bila kuushika, akisimulia hadithi bila kuhema. Mimi mwenye kibuyu kidogo ndiye niliyehema.

Asubuhi moja ya mvua za masika, mahali ambapo njia inapinda penye mwamba, mguu wake uliteleza. Sikumwona akianguka. Nilisikia mtungi ukipasuka, nikageuka, nikamkuta ameketi kwenye tope, ngata ikiwa bado kichwani, maji yetu yakiteremka kurudi yalikotoka. Goti lilikuwa limegeuka vibaya. Hakulia. Alilishika kwa mikono miwili, akalitazama kama mtu anayemtazama mtoto mtukutu.

"Nipe fimbo," akasema. Nikamkatia fimbo. Alipokwisha kusimama akaniambia, "Usiwaambie."

"Kwa nini, bibi?"

"Wana mambo mengi vichwani."

Tulipanda polepole sana. Karibu na nyumbani mvua ikatushukia kwa nguvu, na mahali pa karibu pa kujibanza palikuwa chini ya paa la baba. Tukasimama ukutani. Mbele yetu maji yalikuwa yakimwagika kutoka kwenye bati, mstari mrefu wa maji meupe kutoka pembe hii hadi pembe ile, yakichimba shimo ardhini na kukimbilia migombani. Paa la nyasi halifanyi hivyo. Paa la nyasi hudondosha maji ya rangi ya chai, yenye ladha ya moshi.

Bibi akanyoosha kiganja. Kikajaa. Akanywa. Akakinyoosha tena, akaliosha goti lake.

"Koku," akasema, "kalete sufuria. Lete na mtungi wa mama yako. Lete kila kitu chenye tumbo."

Nilikimbia huku na huku kwenye mvua nikicheka, nikapanga vyombo mstari mzima, na kabla sijamaliza kuvipanga, vile vya kwanza vilikuwa vimefurika. Bibi hakucheka. Alikuwa ameegemea fimbo, akiyatazama maji yale kwa utulivu ambao ulinitia hofu kidogo. Nilidhani goti linamuuma.

Kesho yake baada ya chai alikunja mkeka wake. Akachukua kigae, akaokota makaa ya moto kutoka kwenye jiko la msonge, jiko ambalo moto wake haukuwahi kuzimika tangu aolewe, akatoka nje akichechemea. Akavuka zile hatua thelathini, akasukuma mlango wa baba, akaingia. Muda si mrefu moshi ukatoka dirishani.

Mama alishika mdomo. Baba alikuja mbio na randa mkononi. Babu alitoka msongeni taratibu, akasimama uani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliona hajui aweke wapi mikono yake.

"Nani amewasha moto humo?" akauliza, ingawa alimwona.

Bibi akatoka mlangoni. Desturi ilimtaka apige magoti anapoongea na mumewe, naye akajaribu, goti likakataa, akabaki ameshika fremu ya mlango.

"Ni mimi, waitu," akasema kwa upole, akimwita kwa neno letu la heshima. "Mmebishana tangu mvua hazijaanza. Hii nyumba inafaa, ile haifai. Nimesikiliza. Sijasikia mtu akiniuliza."

"Uulizwe nini?" babu akasema. "Wewe unajua kujenga?"

"Sijui kujenga. Najua maji yako wapi."

Hawakumwelewa. Nilimwona baba akikunja uso, nikamwona babu akifungua mdomo kujibu, nikajua jibu lile lingekuwa kali na lingekaa hapo uani miaka mingi. Nami nilikuwa nimezoea kulainisha maneno ya watu. Siku ile sikulainisha.

"Bibi alianguka," nikasema. "Jana, penye mwamba. Mtungi ulipasuka. Goti lake limevimba na alisema nisiseme."

Bibi alinitazama kwa macho ya mtu aliyesalitiwa, kisha akayateremsha. Babu alitembea mpaka mlangoni, akachutama, akainua kidogo pindo la kanga ya bibi mbele ya watu wote, jambo ambalo mwanamume wa umri wake hakulifanya. Goti lilikuwa kubwa kama kibuyu. Pembeni mwa goti palikuwa na kovu la zamani, na juu ya hilo jingine.

"Hili ni la lini?" akauliza.

"La mwaka Zakaria alipobatizwa."

"Na hili?"

"Nimesahau."

Babu akasimama, akarudi msongeni. Siku tatu hakutoka isipokuwa kwa haja. Bibi alimpikia ndizi na maharage kwenye nyumba mpya, mimi nikazipeleka, naye akazila zote na kurudisha sahani bila ujumbe wa kumpelekea mtu yeyote. Kazi yangu ya ubalozi ilikuwa imekwisha, na nilijisikia vibaya.

Siku ya nne nilimkuta ameinama kando ya nyumba ya bati, akilipima kwa wayo lile shimo lililochimbwa na maji. "Fundi gani," akasema, akijisemea, lakini kwa sauti ya kusikika, "anaacha mvua ile msingi wake?" Akachukua shoka, akaenda bondeni, na alasiri akarudi na vijana wawili wamebeba magogo ya mkindu. Akayapasua, akaanza kuyachonga ndani kama alivyochonga mtumbwi wa kukamulia ndizi za pombe, ila huu ulikuwa mfereji, mrefu na mwembamba, mteremko wake mdogo kiasi kwamba ungeweza kuuona tu kwa kumwaga maji. Kisha akaweka ngazi kwenye ukuta wa mwanawe.

Baba alikuwa amesimama akitazama. Hakuwa na mtu wa kumtuma.

"Shika huko," babu akamwambia.

Baba akashika. Wakafunga mifereji ile chini ya bati, mmoja kwa misumari na mwingine kwa kamba, kila mmoja akiikosoa kazi ya mwenzake kwa miguno, mpaka jioni. Mvua iliyofuata, maji yalikimbia kwenye mti wa babu na kuangukia ndani ya pipa la chuma alilolileta baba kutoka mjini. Majirani walikuja kutazama, na kabla ya mwaka kwisha watu watatu walikuwa wamemwomba Ta Kagaruki awachongee. Alizeeka akiwa fundi wa mifereji ya nyumba ambazo yeye mwenyewe hakukubali kulala ndani yake. Alilala msongeni mpaka mwisho wake, na kila siku alivuka ua kwenda kunywa maji kwa mkewe. Goti la bibi halikunyooka tena, lakini halikurudi tena penye mwamba.

Kwa miaka mingi niliisimulia hadithi hii kama hadithi ya mafundi wawili, na nilijivuna kuwa mjukuu wa mmoja na binti wa mwingine. Bado najivuna. Ila nilipokuwa mtu mzima, siku moja nikisimamia vibarua waliokuwa wakinifyatulia matofali ya nyumba yangu hapa Rwamishenye, nilimwona msichana akipanda na ndoo ya maji ya kukandia udongo, na mambo yakanirudia kwa mpango mwingine. Matofali ya baba yalikandwa kwa maji. Kamba za babu zililowekwa usiku kucha ili zilainike, na wanaume waliokuwa wakinyanyua paa lake walikunywa mitungi na mitungi. Nani aliyachota? Bibi, na mama yangu, na baadaye mimi na kibuyu changu. Nyumba zote mbili zilipanda mlima ule juu ya vichwa vyetu, na wenye kubishana juu ya nyumba hizo hawakuwahi kushuka bondeni kuchota.

Jioni ile nilikwenda kwa mama yangu, ambaye wakati huo alikuwa mzee na akiishi nasi. Nikamwambia, "Mae, fundi anakuja kesho kuchora. Wewe unataka nyumba hii iweje?"

Alinitazama kana kwamba nimemsemesha kwa lugha ya wageni. Akasema hajui, kwamba mimi ndiye niliyesoma. Nikangoja. Alikuwa akimenya ndizi, na alimenya nne au tano zaidi. Kisha akaweka kisu chini, akafuta utomvu mikononi, akavuta kigoda karibu yangu.

"Tuanze na jikoni," akasema, na alikuwa na mengi.