Mbu wa Nyumba ya Kumba

Kila alfajiri Siaka Sanou aliingia vyumbani mwa watu na mrija mdomoni, akawanyonya mbu waliotua ukutani na kuwapulizia kwenye kikombe kilichofunikwa kwa wavu. Ndiyo kazi aliyopewa na watafiti wa mjini Bobo, na katika kijiji kile cha mashamba ya mpunga mbu hawakuwahi kumpungukia.

Nyumba aliyoipenda kuliko zote ni ya Kumba, mjane wa Kifulani. Wabobo na Wafulani ni watani, na Kumba hakumwacha Mbobo huyu apite salama.

"Mlevi wa pombe ya mtama! Leo umekuja kuiba nini?"

"Mbu tu, Mfulani. Ng'ombe wako walivyokonda, hata nikipewa bure sichukui."

Mwaka huo daktari wa watafiti alimweleza Siaka kwamba baadhi ya mbu wa kwa Kumba wana bakteria mwilini. Hakuna aliyewapandikiza, wamezaliwa nao tu, na mbu mwenye bakteria hao, vimelea vya malaria hupata shida kukua ndani yake. Huenda siku moja wakasaidia kuizuia malaria. Siaka alirudi kifua mbele. Hata baiskeli hajashuka, akapaza sauti:

"Mfulani, una bahati wewe! Mbu wako hawana malaria. Wana dawa yao tumboni."

"Wote?"

"Wa kwako ni wa ajabu," alijibu, maana habari ilikuwa tamu na hakutaka kuipunguza. Kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa nayo.

Binti wa Kumba, Salamata, alikuwa amerudi kwa mama yake kujifungua mimba ya kwanza, na kila siku alilalamikia joto la chandarua. Siku ileile walikishusha. Kesho yake Siaka alikikuta uani, kimefunika mpunga ili kuku wasiudonoe. Alikiona, akapita.

Mvua za Agosti zilipopamba moto, Salamata alishikwa na homa. Siku ya tatu midomo ilikuwa imepauka na maneno yake hayaeleweki. Siaka aliazima pikipiki, wakampakia, Kumba akimshikilia kwa nyuma kwenye matope. Walipofika zahanati mtoto alikuwa ameshafia tumboni. Adhuhuri haikufika, Salamata naye akafuata.

Mazishini kazi ya mtani ni kuwachekesha wafiwa. Watu walimgeukia Siaka, wakingoja. Badala ya utani, alishika ndoo, akaanza kuwagawia wageni maji. Kumba ndiye aliyemsogelea.

"Niambie, Siaka. Wenye hiyo dawa walikuwa wangapi?"

Hesabu aliijua tangu siku ya kwanza. "Wanne. Kati ya sitini."

"Na hukusema."

"Sikusema."

Kumba aliinama, akaendelea kupanga mikeka ya wageni.

Baada ya hapo Siaka alizunguka nyumba kwa nyumba akiwasihi watu wasiache vyandarua. Wengine walimsikiliza. Wengine walimfungia mlango: "Si wewe uliyetuambia mbu wa hapa hawana neno?"

Mavuno yalipokwisha, Kumba aliuza mbuzi wake, akahamia kwa kaka zake Banfora. Hakumuaga Siaka. Familia nyingine ikaingia nyumba ile, ikiwa na watoto wanne. Daktari akauliza kama wapangaji wapya watakubali mbu wao wakusanywe.

"Nitakwenda kuwaomba mwenyewe," alisema Siaka. "Lakini safari hii, daktari, uje tuwaeleze sote wawili."