Diski ya Nyumba ya Kariakoo

Mume wangu alianza kupoteza macho kutokea pembeni. Daktari alisema ni presha ya macho, kwamba kilichokwisha potea hakirudi, na kwamba dawa ya matone itachelewesha tu. Yeye kazi yake ilikuwa kupiga video za harusi. Tulitoka hospitali kwa miguu mpaka Posta, na pale kituoni, watu wakitupiga vikumbo, akaniambia, "Sasa lazima niimalize ile ya nyumba."

Ile ya nyumba ilikuwa filamu. Mama yake alikuwa na nyumba Kariakoo, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na ukumbi katikati, iliyojengwa na babu yake. Serikali iliporuhusu biashara huria, mtaa ule ulibadilika haraka. Kila mwaka nyumba moja au mbili za chini zilivunjwa, likaota ghorofa lenye maduka chini na stoo juu. Mume wangu aliona zamu yao inakuja. Kwa karibu miaka miwili, siku zisizo na harusi, alikwenda kwa mama yake na kamera. Alimpiga akichambua mchele uani, akisimulia kuhusu babu, akigombana na wapangaji kuhusu maji. Mama alipofariki, warithi walikaa kikao kimoja tu. Nyumba ikauzwa, na kabla arobaini haijafika ilikuwa imekwisha kuwa kifusi.

Kwa hiyo nyumba ikabaki kwenye diski moja kubwa ya nje, inayokaa mezani ndani ya kasha lake na kuunganishwa na laptop kwa waya wa USB. Kanda za kamera alizorekodia hazikuwepo tena. Alizirudia kupigia harusi, maana ndizo zilizokuwa zinatulisha, na diski ya pili ya ukubwa ule hatukuwa nayo.

Tatizo lilikuwa ule waya. Laptop yetu ilikuwa ya zamani kidogo na njia yake ya USB ilikuwa nyembamba kwa mzigo ule. Akigusa kipande cha video, picha inaganda. Akitaka kusogeza mbele kidogo, anasubiri. Wakati ana macho mazima alikuwa anakwenda kunywa kahawa na kurudi. Sasa alikaa palepale, kidole juu ya kitufe, na mimi nikiona jinsi kusubiri kulivyomuuma. Mtu aliyeambiwa macho yake yanakwisha, anatazama mstari unatambaa kwenye kioo.

Ndipo aliposikia kuna kadi. Unaichomeka kwenye tundu la ubavuni mwa laptop, nayo inakupa mlango mwingine wa diski, wenye kasi mara nyingi kuliko USB. Tulikwenda kuitafuta Kariakoo, mimi nikiwa nimemshika mkono kwa sababu mikokoteni ya upande wa kulia alikuwa haioni tena. Duka la tatu tuliipata, ipo kwenye boksi zuri. Tulipofika nyumbani ikaingia nusu, ikalegea, ikaning'inia. Ilikuwa nyembamba, ya laptop mpya. Tundu letu lilikuwa la zamani, pana. Alijaribu kuishikilia kwa kidole kana kwamba itamhurumia.

Mwenye duka aliyetusaidia alikuwa mjini, karibu na Kisutu, mzee wa Kihindi aliyezaliwa mtaa uleule na baba yake kabla yake. Niliingia, nikamsalimu, "Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Imekataa nini leo?"

Aliichukua laptop, akalitazama tundu, akacheka kidogo, si kwa dharau. "Hii yako ya zamani. Kadi yake ipo, lakini hapa Dar hutapata. Mdogo wangu yuko Dubai, nitamwambia." Kisha akamgeukia mume wangu. "Lakini sikiliza, kaka. Waya wa kadi hiyo unapitisha picha tu, haubebi umeme. Diski lazima ichomekwe ukutani. Na umeme wa hapa unaujua."

"Naujua," mume wangu akasema. "Ratiba ya mgao ninayo."

Kadi ilifika baada ya wiki nyingi. Mzee aliiweka mwenyewe palepale dukani, akaingiza programu yake kutoka kwenye CD, akachomeka waya mpya. Mume wangu alifungua kipande cha uani. Mama yake akatokea na ungo, na mikono yake ikaenda bila kukwama, mchele ukirushwa na kudakwa. Mume wangu alisogeza mbele, akarudisha nyuma, mbele tena, kama mtoto na bomba la maji. Mzee akaondoka pale, akaenda kujipangia vitu vyake kwenye rafu, akatuacha.

Tulipata mwezi mmoja na kitu. Sijui niuite mwezi mzuri. Alifanya kazi uso ukiwa karibu na kioo, na mimi nikiwa pembeni yake.

"Kulia kuna nani?"

"Mpangaji wa chumba cha mbele. Anafua."

"Anaangalia kamera?"

"Haangalii."

"Basi namwacha."

Maswali yaliongezeka kila wiki. Mwanzo aliuliza habari za pembeni. Baadaye aliuliza hata habari za katikati, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza bei, na mimi nikamjibu kwa sauti ileile kwa sababu sikujua nyingine.

Ile siku ratiba ilisema umeme upo mpaka jioni. Ilikuwa saa za mchana, yeye anahifadhi sehemu aliyomaliza kuikata. Umeme ukakatika. Laptop ikabaki inawaka kwa betri yake, diski ikanyamaza. Tulikuwa na kile kiboksi cha kushikilia umeme, lakini betri yake ilikwisha kufa na hatukuwa tumeibadilisha. Kikalia, kikazima. Kabla sijafika ukutani kuchomoa, umeme ukarudi kwa nguvu, ukakatika tena, ukarudi. Taa ya ukumbini ilipasuka. Kutoka kwenye kasha la diski nikasikia tak, tak, tak, na harufu ya plastiki iliyoungua.

"Zima," akasema. "Zima, zima!"

Nilikuwa nimekwisha zima.

Mzee wa Kisutu aliifungua mbele yetu, akabadilisha kifaa cha umeme, akajaribu kwa waya ule wa kasi, kisha kwa USB. Tak, tak. Aliivua miwani yake. "Kaka," akasema, "kuna watu nje ya nchi wanafungua diski kama hizi kwenye vyumba maalumu. Hata wao wanaweza kushindwa. Mimi siwezi kukudanganya." Tuliuliza kwa wengine, Kariakoo na Posta. Mmoja alitucheka. Mmoja aliichukua akakaa nayo, akairudisha ikiwa haigongi tena wala kuzunguka.

Ndani ya laptop yenyewe tulikuta kipande kimoja alichowahi kukihamishia humo ili kujaribu rangi. Dakika chache za mama yake akiwa ukumbini, anaongea. Picha peke yake. Sauti ilibaki kwenye diski. Kufikia wakati huo mume wangu alikuwa anaona mwanga na kivuli tu.

Alikaa, nikamfungulia. "Anasema nini?" akaniuliza.

Nikatazama midomo ya mama mkwe. Nilimjua mwanamke yule miaka mingi, na sikuweza kung'amua hata neno moja. "Sijui," nikasema. "Anacheka sasa. Anaelekeza kidole kwenye paa."

"Kwenye paa?"

"Naona hivyo. Au kwa mtu aliye nyuma ya kamera."

"Nyuma ya kamera nilikuwa mimi," akasema. Baadaye kidogo akasema, "Funga."

Hajaomba kuiona tena. Kamera tuliiuza, nikapata kazi duka la vitenge, na yeye anashinda nyumbani na redio. Watu husema amezoea. Sijaona alichozoea. Anaweza kukaa tangu asubuhi mpaka nirudi, na chakula nilichomwachia kikiwa bado kimefunikwa.

Majuzi aliniuliza mlango wa chumba cha mama yake ulikuwa rangi gani. Nikasema bluu. Yeye akasema kijani, kijani cha msikiti. Tukabishana kidogo, na kwa muda ule mfupi sauti yake ilikuwa na uhai. Halafu tukagundua hakuna wa kumuuliza. Wapangaji walitawanyika, ndugu zake hawakuwa wameingia chumba kile kwa miaka mingi. Akasema labda ulikuwa bluu. Nikasema hapana, labda kijani. Akageukia ukutani, akalala.